Kuyumba Bila Kuanguka

Kutembea juu ya kamba iliyokazwa ni sanaa ya kuupitisha mwili mahali ambapo wayo umepewa upana wa sentimita chache tu. Anayetazama kutoka chini huona utulivu, lakini mwili ulio juu ya kamba hautulii hata nukta moja. Unaegemea kulia, unarudi, unapitiliza kidogo kushoto, unarudi tena, na hayo yote hutokea mara nyingi kabla ya hatua moja kukamilika. Usawa ni mfululizo wa marekebisho madogo yanayofanywa mapema, wakati kosa bado ni dogo. Anayejifunza kamba hujifunza kutambua kuyumba pale kunapoanza na kukujibu kabla hakujawa kuanguka. Somo hilo lina thamani hata kwa mtu asiyekusudia kupanda juu ya waya maisha yake yote.

Sanaa hii ni ya kale. Warumi waliipenda, na masimulizi ya historia yao yanaeleza kuwa Kaisari Marcus Aurelius, katika karne ya 2, aliagiza magodoro yatandikwe chini ya kamba baada ya mvulana mmoja kuanguka. Korea inayo jultagi, mchezo ambamo mtembea kamba hushika upepeo mkononi, huruka, huketi juu ya kamba na kutaniana na mchekeshaji aliye chini, huku wapigaji muziki wakimsindikiza. UNESCO iliuingiza mchezo huo katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2011. Katika milima ya Dagestan, nchini Urusi, kijiji cha Tsovkra kinajulikana kwa kuwafundisha watoto wake kutembea juu ya kamba, kizazi baada ya kizazi. Afrika Mashariki nayo ina vijana wengi wa sarakasi. Jijini Nairobi, Sarakasi Trust imewafunza wengi wao kubebana, kupanda mabega na kusimama kwa mikono, na stadi zote hizo husimama juu ya msingi uleule wa usawa.

Aliyeivumisha sanaa hii kuliko wote katika karne ya 19 ni Mfaransa Jean-François Gravelet, aliyejulikana kwa jina la Blondin. Tarehe 30 Juni 1859 alivuka korongo la mto Niagara, mpakani mwa Marekani na Kanada, juu ya kamba yenye urefu wa zaidi ya mita 300. Mwezi Agosti mwaka huohuo alivuka tena akiwa amembeba mgongoni meneja wake, Harry Colcord. Inasimuliwa kuwa Blondin alimwagiza Colcord asijaribu kamwe kujisawazisha mwenyewe: aufuate mwili uliombeba, ukiinama ainame nao. Agizo hilo lilikuwa na maana. Miili miwili iliyoshikamana, kila mmoja ukijirekebisha kwa wakati wake, ingesukumana mpaka yote miwili ianguke.

Ili mwili ujirekebishe, lazima kwanza ujue ulivyokaa. Habari hizo huzipata kutoka sehemu tatu. Ya kwanza ni sikio la ndani. Kila sikio lina mifereji mitatu ya nusu duara iliyojaa majimaji na kuelekea pande tatu tofauti. Kichwa kinapogeuka, majimaji hayo huchelewa kidogo kukifuata, na vinyweleo vya seli zilizomo hupinda na kupeleka habari kwenye ubongo. Kando ya mifereji hiyo kuna vifuko viwili vyenye chembe ndogo sana za chokaa. Chembe hizo huvutwa na nguvu ya mvutano wa dunia, na kwa msaada wake mtu hujua chini ni upande gani hata akiwa gizani.

Sehemu ya pili ni macho. Mwaka 1974 watafiti David Lee na Eric Aronson walitumia chumba ambacho kuta zake zinaweza kusogezwa huku sakafu ikibaki palepale. Watoto wadogo waliokuwa ndio kwanza wamejua kusimama waliwekwa ndani. Kuta ziliposogea, walipepesuka, na wengine walianguka, ingawa chini ya miguu yao hakuna kilichotikisika. Macho yaliuambia mwili kwamba unaanguka, na mwili ukaamini. Mtu mzima hudanganyika kwa kiasi kidogo zaidi, lakini hudanganyika pia. Ndiyo maana mtembea kamba hukaza macho kwenye kitu kisichosogea, kwa kawaida mwisho wa kamba, na huepuka kuitazama miguu yake.

Sehemu ya tatu ni hisia ambayo wengi hawajui hata kuwa wanayo. Misuli, kano, viungo na ngozi ya nyayo vimejaa vihisi vinavyopima msuli umenyooka kiasi gani, goti limekunjwa kwa pembe ipi, na uzito umeegemea wapi zaidi, kisiginoni au vidoleni. Mwanafiziolojia Mwingereza Charles Sherrington aliipa hisia hii jina la propriosepsheni mwaka 1906. Kwa hisia hiyo mtu huweza kufumba macho na kugusa pua yake bila kukosea, au kupanda ngazi bila kuitazama kila hatua.

Thamani ya hisia hii huonekana pale inapotoweka. Mwaka 1971 kijana Mwingereza wa miaka 19, Ian Waterman, aliugua maradhi yaliyoharibu mishipa ya fahamu inayobeba habari za mguso na mkao kutoka shingoni kwenda chini. Misuli yake ilibaki na nguvu zake, lakini hakujua mikono na miguu yake ilipo ila kwa kuitazama. Ilimbidi ajifunze upya kuketi, kusimama na kutembea kwa kuongoza kila kiungo kwa macho na fikira, na taa zikizimwa ghafla alianguka. Kwa miaka mingi aliishi na kufanya kazi kwa juhudi hiyo, na habari zake ziliandikwa na daktari Jonathan Cole. Habari hizo zinaonyesha kuwa mwendo wa kawaida ambao mtu huuona jambo dogo ni kazi kubwa inayofanywa kimyakimya na mwili saa zote.

Habari za sehemu hizi tatu hukutana katika ubongo. Serebelamu, sehemu ya ubongo iliyo kisogoni, hulinganisha mwendo uliokusudiwa na mwendo uliotokea, kisha hurekebisha tofauti. Marudio mengi huifanya kazi hiyo iwe ya haraka na sahihi zaidi. Hapo ndipo kamba inapokuwa mwalimu mzuri. Juu ya sakafu mtu anaweza kukosea kwa sentimita kadhaa asigundue. Juu ya kamba kosa dogo hujitangaza papo hapo, na masikio, macho na nyayo hulazimika kuafikiana.

Kamba hubadilisha pia namna mwili unavyojisawazisha. Mtu aliyesimama sakafuni hujirekebisha hasa kwa vifundo vya miguu, na mwili wote huenda na kurudi ukiwa umenyooka. Mwaka 1986 Fay Horak na Lewis Nashner, watafiti wa Marekani, walionyesha kuwa mtu akisimamishwa juu ya ubao mfupi kuliko wayo wake, mwili huachana na njia ya vifundo na kuanza kujikunja nyongani, na baada ya majaribio machache njia hiyo mpya huwa imeshika. Juu ya kamba mambo ni ya namna hiyo. Wayo hauna mahali pa kukandamiza pembeni, kwa hiyo kazi huhamia kwenye nyonga, kiwiliwili na mikono. Anayeng'ang'ania kusimama wima hupoteza njia pekee aliyobakiwa nayo ya kurudi katikati.

Mti mrefu unaobebwa na watembea kamba wengi hufanya kazi kwa kanuni hizohizo. Uzito uliosambazwa mbali na mwili hufanya kuzunguka kuwe kwa polepole, hivyo mtembea kamba anayeanza kuinama hupata muda zaidi wa kujirekebisha. Ncha za mti huo zikipinda kuelekea chini, hushusha kidogo kitovu cha uzito wa mtu na mti kwa pamoja. Zaidi ya hayo, mti humpa kitu cha kusukumia. Akianza kuangukia kulia, huuzungusha ili ncha ya kulia ishuke, na kwa kufanya hivyo mwili wake husukumwa kurudi kushoto. Macho ya mtazamaji yangetarajia kinyume chake, lakini mwili uliozoea hufanya hivyo bila kuulizwa.

Mazoezi ya mtu anayeanza huhitaji vitu vichache. Baadhi hutumia waya au kamba nene iliyokazwa sana. Wengine hutumia mkanda bapa wa nailoni au poliesta wenye upana wa sentimita 2.5 hadi 5, unaofungwa kati ya miti miwili imara. Mchezo wa mkanda ulikuzwa na wapanda miamba katika bonde la Yosemite, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1980, na tofauti yake kubwa na waya ni kwamba mkanda hunesa na kuyumba pamoja na anayeukanyaga. Kwa vyote viwili urefu kutoka ardhini uwe chini ya goti, na chini pawe nyasi au mchanga usio na mawe. Hapo mwanafunzi anaweza kushuka kwa hatua moja kila anapopoteza usawa.

Zoezi la kwanza ni kusimama. Wayo huwekwa kwa urefu wa kamba, kamba ikipita katikati ya kisigino na kutokea kati ya kidole gumba na kidole kinachofuata. Miguu mitupu, au viatu vyenye soli laini, huziacha nyayo zihisi. Goti hulegezwa kidogo, mabega hushushwa, mikono huinuliwa pembeni juu ya mabega, na pumzi haizuiwi. Mwanafunzi husimama kwa mguu mmoja, kisha kwa mguu mwingine, mpaka kila upande uweze kukaa kwa muda bila papara. Ni wachache ambao miguu yao miwili hulingana, na mguu dhaifu ndio unaohitaji mazoezi zaidi.

Siku za mwanzo mguu hutetemeka juu ya mkanda mpaka mwanafunzi ashindwe kuuzuia. Mtetemo huo hautokani na woga. Msuli unaponyooshwa ghafla, uti wa mgongo hujibu kwa kuukaza, mkanda husukumwa na kurudi, na msuli hunyooshwa tena. Watafiti waliopima miguu ya watu kabla na baada ya wiki kadhaa za mazoezi ya mkanda wameona kuwa majibu hayo ya uti wa mgongo hupungua nguvu. Mtetemo hutulia kwa sababu mwili umejifunza kutojibu kila mshtuko kwa nguvu zake zote.

Baada ya kusimama huja hatua. Mwanafunzi huutanguliza mguu ukiteleza polepole kando ya kamba, wayo uitafute kamba wenyewe bila macho kuuelekeza, kisha uzito uhamishwe. Mwenzake anaweza kutembea kando yake na kumpa kidole cha kugusa. Mwaka 1994 John Jeka na James Lackner walionyesha kuwa mguso mwepesi wa ncha ya kidole kwenye kitu kilichotulia, mwepesi kiasi kwamba hauwezi kuubeba mwili, hupunguza kuyumba kwa kiasi kikubwa. Kinachosaidia hapo ni habari ambayo ngozi ya kidole inaipelekea ubongo. Mwalimu mwema hujua tofauti hiyo. Akimshika mwanafunzi kwa nguvu humbebea kazi, na akimgusa kidogo humsaidia kuifanya mwenyewe. Mzazi, mkuu wa kazi na kiongozi wa vijana nao wana la kujifunza hapo.

Kamba ikipandishwa juu, hofu huingia. Watafiti nchini Kanada waliowasimamisha watu ukingoni mwa jukwaa lililoinuliwa waliona kuwa mwili hukakamaa: kuyumba hupungua upana lakini huwa kwa kasi zaidi, kwa mitetemo mifupimifupi. Kukakamaa kunaweza kumfaa aliyesimama tu kwenye ukingo mpana. Juu ya kamba humnyima mtu nyonga na mikono yake wakati anapovihitaji zaidi. Kwa sababu hiyo wanaoifahamu kazi hii hawapandishi urefu mpaka mwendo wa chini umekuwa mazoea. Mfaransa Philippe Petit, aliyetembea tarehe 7 Agosti 1974 kati ya minara miwili ya World Trade Center jijini New York, takriban mita 400 kutoka ardhini, alipita huku na huko kwa dakika kama 45, na hata alijilaza juu ya waya. Alikuwa ameliwaza na kuliandalia jambo hilo kwa miaka sita. Ujasiri wake ulitokana na mazoezi ya siku nyingi alizotembea karibu na ardhi bila watazamaji.

Hata maandalizi hayo hayaifuti hatari, na sanaa hii haimfichi mtu jambo hilo. Karl Wallenda, kiongozi wa familia mashuhuri ya watembea kamba, alianguka na kufa tarehe 22 Machi 1978 mjini San Juan, Puerto Rico, akiwa na umri wa miaka 73. Upepo ulikuwa mkali, na familia yake ilieleza kuwa kamba za pembeni zinazouzuia waya usiyumbe hazikufungwa sawasawa. Blondin alifika karibu na umri huohuo na kufia kitandani, London, mwaka 1897. Maisha ya wawili hao yanafundisha kuwa usawa wa mtu hautoshi ikiwa kile anachokikanyaga hakikufungwa vema. Aliye mahiri anapaswa kukagua mafundo kila siku, hata pale umahiri wake unapomshawishi kwamba hakuna haja.

Walio wengi hawatapanda waya, lakini kila mtu hutembea, na kuanguka huua. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 684,000 hufa kila mwaka duniani kwa sababu ya kuanguka. Zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na walio hatarini zaidi ni wenye umri wa zaidi ya miaka 60. Utafiti wa Brazil uliochapishwa mwaka 2022 uliwapima watu 1,702 wa miaka 51 hadi 75 kwa kuwataka wasimame kwa mguu mmoja kwa sekunde 10. Mmoja katika kila watano hakuweza, na katika miaka iliyofuata vifo vilikuwa vingi zaidi miongoni mwa walioshindwa. Kusimama kwa mguu mmoja peke yake si dawa ya kurefusha maisha. Kipimo hicho hufichua hali ya misuli, neva na afya kwa jumla, na humpa mtu onyo mapema, wakati bado kuna la kufanya.

Mazoezi ya kamba nayo yana mpaka wake. Tafiti zinaonyesha kuwa aliyejizoeza kwenye mkanda huwa hodari zaidi kwenye mkanda huo, na ni sehemu tu ya uhodari huo inayohamia kwenye mambo mengine. Mwili hujifunza kile hasa unachofanyishwa. Anayetaka kuwa imara ngazini, njiani na shambani anahitaji kujizoeza kwa namna nyingi: kamba, gogo, ardhi isiyo sawa, kubeba, kuinama, kugeuka.

Afrika Mashariki ina ushahidi wake wa jinsi mwili unavyoweza kuelimika kwa kazi ya kila siku. Mwaka 1986 mwanasayansi Mkenya Geoffrey Maloiy na wenzake walichapisha vipimo vya wanawake wa Kiluo na wa Kikuyu, wa kwanza wakibeba mizigo kichwani, wa pili kwa ukanda uliopita kwenye paji la uso. Waligundua kuwa wanawake hao waliweza kubeba hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia nguvu zaidi ya ile ya kutembea mikono mitupu. Mwaka 1995 kundi la Norman Heglund lilieleza sababu yake: chini ya mzigo, mwendo wao huhifadhi vizuri zaidi nishati kutoka hatua moja hadi nyingine. Ujuzi huo haukufundishwa darasani. Uliingia mwilini tangu utotoni, kidogo kidogo, kwa ndoo ndogo kwanza na kubwa baadaye. Haba na haba hujaza kibaba, na mwili nao hujazwa vivyo hivyo. Mzigo wa maji ulikuwa mateso kwa wanawake wengi, na bado ni mateso, na hakuna anayepaswa kuusifia. Kinachostahili heshima ni akili ya miili iliyoubeba.

Kamba inathibitisha mambo matatu yanayohusu maisha yote. La kwanza ni kwamba kosa hurekebishwa vizuri likiwa bado dogo, na ili lionekane likiwa dogo lazima mtu awe makini na hali yake. Deni, ugomvi wa ndoa, ulevi na uchovu wa kazi huanza kwa kuinama kidogo, na aliyezoea kujisikiliza hushtuka mapema. La pili ni kwamba ukakamavu usiopinda hauokoi. Kukunja kiuno na kulegeza goti ndiko kunakomrudisha mtu katikati, na mwenye msimamo wa kweli hujua pa kuinama. La tatu ni kwamba urefu huja baada ya mazoea. Anayekimbilia jukwaa kabla ya kujizoeza chini hujidhulumu mwenyewe na wale wanaomtegemea.

Miili inayofunguliwa mlango wa gari, kuketishwa mbele ya skrini na kutembezwa juu ya sakafu laini hukosa masomo hayo. Mtoto anayekemewa kila akikanyaga ukingo wa mtaro au gogo lililoanguka hunyimwa shule ambayo baadaye hakuna atakayemlipia. Wazazi wawaache watoto wapande, waruke na watembee juu ya vitu vyembamba vilivyo karibu na ardhi, wakiwa macho bila kuwashika muda wote. Walimu wa michezo wafunge kamba ya chini uwanjani, kwa kuwa gharama yake ni ndogo. Wazee wasimame kwa mguu mmoja karibu na ukuta au meza imara kila siku, na aliyewahi kuanguka au anayepata kizunguzungu amwone daktari kwanza. Usawa ni mali ambayo kila mtu alijipatia mwenyewe alipojifunza kusimama, na asiyeitumia huipoteza. Kila mmoja aanze kuitunza leo, wakati miguu bado inasikia.